Udugu wa sodiamu na potasiamu ulianza kwenye majivu

Aghalabu husikia ikidaiwa, hata na wasomi wenzangu, ati Kiswahili hakiwezi kufundishia kemia kwa kuwa istilahi zake ni za kigeni. Naipinga hoja hii kwa kurejelea historia ya kundi moja tu la elementi: metali za alkali, yaani lithiamu, sodiamu, potasiamu, rubidiamu, sesiamu na fransiamu.

Hebu tuanze na neno alkali lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea ya chumvichumvi yaliyotumiwa kutengenezea sabuni na kioo. Hapo ndipo lilipotoka jina la Kilatini kalium, linaloipa potasiamu alama ya K. Msomaji asidanganyike na sauti: kalium haina udugu na kivumishi chetu -kali. Nalo jina potasiamu linatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya majivu ya chunguni. Sodiamu ilipata alama ya Na kutoka natrium, jina linalotokana na natroni, magadi ambayo Wamisri wa kale walikaushia maiti. Kumbe Ziwa Natron la Tanzania na Ziwa Magadi la Kajiado ni majirani kwa ardhi na kwa maana pia!

Majivu na magadi yalitumika kwa karne nyingi kabla ya metali zilizojificha ndani yake kujulikana. Mnamo 1807, jijini London, Humphry Davy alipitisha umeme katika potashi iliyoyeyushwa, akapata potasiamu. Siku chache baadaye akapata sodiamu. Johan August Arfwedson wa Sweden aliitambua lithiamu mwaka wa 1817 ndani ya jiwe, ndiposa ikapewa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jiwe.

Mwaka wa 1829, Mjerumani Johann Döbereiner aliziweka lithiamu, sodiamu na potasiamu pamoja. Aligundua kwamba uzito wa atomu ya sodiamu, takriban 23, ni wastani wa 7 ya lithiamu na 39 ya potasiamu. Isitoshe, tabia zilifanana. Zote ni laini, hukatika kwa kisu. Hung'aa zikikatwa, kisha hufifia hewani. Zikitiwa majini hufanya fujo, zikatoa hidrojeni na kuacha maji yenye alkali.

Udugu huo ulitambuliwa kabla ya sababu yake kujulikana. Elektroni yenyewe ilitambuliwa na J. J. Thomson mwaka wa 1897. Baadaye ikabainika kwamba kila atomu ya ukoo huu ina elektroni moja tu katika tabaka la nje. Lithiamu ina 2 na 1. Sodiamu 2, 8 na 1. Potasiamu 2, 8, 8 na 1. Hiyo moja ya mwisho ndiyo elektroni ya valensi, na atomu huiachilia kwa wepesi. Kadiri tabaka zinavyoongezeka, ndivyo elektroni hiyo inavyokaa mbali na kiini na kubanduka kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana potasiamu huzua fujo kubwa majini kuliko sodiamu.

Sasa, ugeni wa istilahi uko wapi? Magharibi mwa Kenya, akina mama huchoma maganda ya maharagwe, wakachuja majivu yake na kupikia mboga maji hayo. Ndani yake mna potasiamu. Mtoto aliyekulia katika jiko hilo anaijua al-qali kwa ulimi wake, ila darasani anakaririshwa kwamba K ni potasiamu bila kuelezwa kwa nini.

Wazungu waliazima neno la majivu kwa Waarabu, wakalivisha Kilatini, na kemia yao haikudhoofika. Nasi tukiazima valensi na elektroni tutakuwa tumefuata njia iyo hiyo. Kinachopungua si maneno, bali ni mwalimu wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba sayansi hii ilianzia mafigani.