Kinacholipiwa Katika Programu ya Biblia

Anayelalamikia bei ya programu ya kujifunzia Biblia kwanza aangalie kazi hiyo ilivyowagharimu waliomtangulia. Katika miaka ya 1230, watawa Wadominiko wa Saint-Jacques mjini Paris, wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher, walitunga itifaki ya Biblia ya Kilatini, yaani orodha ya maneno na mahali yanapopatikana. Aya hazikuwa bado na namba, hivyo sura waliigawa kwa herufi, A hadi G, kisha wakaonyesha kila neno waliloorodhesha liko chini ya herufi ipi. Alexander Cruden alitoa itifaki yake ya Kiingereza London mwaka 1737 na kumtunukia Malkia Caroline, lakini malkia akafariki mwezi uleule, na tumaini la malipo likazikwa naye. James Strong, aliyechapisha yake mwaka 1890, alihitaji wasaidizi zaidi ya mia moja, na humo kila neno la Kiebrania na Kiyunani likapata namba yake.

Programu za Biblia kama Logos na BibleWorks zilipotoka mwaka 1992, kutafuta kukawa jambo la sekunde. Lakini jasho halikukoma, lilihamia kwingine. Ukitaka vitenzi vyote vya Kiyunani vilivyo katika kauli ya kutendwa, lazima pawe na msomi aliyekwisha kupitia Agano Jipya neno kwa neno, akibandika kila kitenzi shina, wakati, kauli na nafsi. Kazi hiyo, pamoja na haki za matini za Agano Jipya la Kiyunani kama Nestle-Aland, ndiyo yenye thamani.

Wapo wasemao Neno la Mungu lisiuzwe, wakiongeza kwamba programu ya e-Sword inatolewa bure tangu mwaka 2000. Hoja hiyo ina nguvu kwa vitabu vya kale: Matthew Henry alifariki mwaka 1714, na ufafanuzi wake wa Biblia hauna mwenye hakimiliki, hivyo furushi la programu linalonenepeshwa kwa vitabu vya namna hiyo ni ghali hata likipunguzwa bei. Lakini hoja hiyo haigusi kazi ya wasomi walio hai, wanaohitaji kula. Pingamizi zito zaidi kwangu ni la udumifu. BibleWorks iliacha kuuzwa mwaka 2018. Walioinunua wameendelea kuitumia, ila inategemea kompyuta zinazobadilika kila mara, ilhali nakala ya Strong ya 1890 bado inafunguka kwa mkono. Mwanafunzi wa theolojia mwenye fedha kidogo alipie matini za lugha asilia zilizochambuliwa kisarufi, na kabla ya kulipa aulize kama ataweza kuzihamisha kampuni ikifunga.