Besi ya Kunakili: Wapigaji wa Ridhaa wa Taita Taveta, kutoka Santuri hadi Simu

Kunakili besi ni kusikiliza wimbo uliokwisha kurekodiwa, kuyachambua mapigo ya gitaa la besi kwa sikio, kisha kuyapiga upya kama yalivyo au kwa mabadiliko machache. Wanamuziki wa Afrika Mashariki huita kazi hiyo kopi, na vijana wa Kenya siku hizi huiita kava. Kwa muda mrefu kopi iliishia ukumbini au kanisani ilikopigwa. Tangu simu zenye kamera na intaneti zilipoenea, mpigaji wa ridhaa hujirekodi nyumbani na kuwagawia wengine. Katika kaunti ya Taita Taveta, mambo matatu yameipa desturi hii mkondo wake: reli, kwaya za misheni na bendi za dansi zilizotoka pande mbalimbali.

Njia panda ya Voi

Voi iko kilomita zipatazo 160 kutoka Mombasa, kwenye njia kuu ya kwenda Nairobi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapo ikielekea Ziwa Viktoria. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walitandika tawi la kutoka Voi kwenda Taveta ili kuwakabili Wajerumani waliokuwa upande wa Kilimanjaro. Mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta yakavuta vibarua kutoka mbali, kila kundi na nyimbo zake. Taveta yenyewe inapakana na Holili ya Tanzania, hivyo muziki wa Moshi, Arusha na Tanga haukuwa mgeni huko. Mji wa Voi ukawa mahali ambapo santuri ya Nairobi, wimbo wa pwani na dansi la Tanzania viliweza kusikika katika wiki moja.

Sauti nzito zilikuwa na nafasi yake hata kabla ya gitaa. Katika vilima vya Taita, ngoma ya Mwazindika ya Wadawida, yaani Wataita, husimama juu ya mapigo ya ngoma kubwa. Misheni ya Kianglikana ya CMS ilifika Sagalla mwaka 1883, na ile ya Kikatoliki ikafika Bura mwaka 1892. Makanisa yalileta uimbaji wa sauti nne, ambamo wanaume wenye sauti nzito huimba besi, pamoja na noti za do-re-mi zinazoandikwa kwa herufi. Mafunzo hayo yaliacha alama: wapiga besi wengi waliolelewa kwaya huhesabu sauti za gitaa kwa do-re-mi, na huiona kazi ya besi kuwa ni kumwekea mwimbaji msingi wa kusimamia.

Kidole gumba kabla ya gitaa la besi

Gitaa la besi la umeme lilianza kupata soko kubwa baada ya Leo Fender wa California kutoa modeli yake ya Precision mwaka 1951. Kabla ya hapo, bendi za dansi zilitumia besi kubwa ya kusimama, na mpiga gitaa kavu alijitengenezea besi yake mwenyewe: kidole gumba kilipiga nyuzi nene huku kidole cha shahada kikipiga wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Bingwa wa mtindo huo alikuwa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Mwenda alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwenzake Edouard Masengo alifanya kazi huko pia. Vijana wa Kenya waliowasikia redioni na kwenye santuri walijaribu kuwaiga. Mpiga besi alipokuja kupata gitaa lake la nyuzi nne, alirithi kazi ya kidole gumba.

Kurekodi nako kulikuwa kumeanza. Studio ya East African Sound Studios ilianzishwa Nairobi mwaka 1947 na kutoa santuri za lebo ya Jambo. Wanamuziki waliopita katika burudani za jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwemo Fundi Konde wa pwani, walikuwa miongoni mwa waliozoea mapema gitaa la umeme na kazi ya studio. Baadaye Charles Worrod aliichukua kazi ya kurekodi na kuijenga Equator Sound Studios, iliyowakusanya wanamuziki kama Daudi Kabaka, Nashil Pichen na Peter Tsotsi wa Zambia, na Fadhili William.

Wimbo mmoja, kopi nyingi

Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa mwaka 1938, ndiye mwanamuziki wa asili ya Taita anayejulikana zaidi duniani. Jina lake la mwisho linamtaja kwao. Ndiye wa kwanza kuurekodi wimbo wa "Malaika", akiwa na bendi ya Jambo Boys, na wimbo huo ukarekodiwa tena kwa Equator. Umiliki wa utunzi wake ulibishaniwa kwa miaka mingi, na Fadhili alifariki mwaka 2001 mabishano hayo yakiendelea kusimuliwa.

Historia ya "Malaika" ni historia ya kopi. Miriam Makeba aliuimba na Harry Belafonte katika albamu ya mwaka 1965 iliyopata tuzo ya Grammy. Bendi ya Hep Stars ya Uswidi iliurekodi mwaka 1967, Boney M wakautoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akauweka katika albamu yake ya Logozo mwaka 1991. Kila toleo lina besi yake. Moja hutembea polepole chini ya gitaa kavu, jingine hupigwa kwa mdundo wa disko. Kwa mwanafunzi wa besi wimbo huu ni somo zuri, kwani huzunguka sauti chache za msingi, na mwendo wake wa taratibu humpa nafasi ya kusikia kila badiliko. Katika hoteli za pwani na za mbuga ya Tsavo, bendi zinazowachezea watalii zimeupiga pamoja na "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, wimbo wa mwaka 1982 ambao nao Boney M waliunakili mwaka uliofuata.

Santuri ya pande mbili

Katika miaka ya 1960 na 1970, nyimbo za dansi ziliuzwa Kenya kwa santuri ndogo za mizunguko 45. Kwa kuwa upande mmoja haukutosha, wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza ilibeba maneno, na sehemu ya pili ilikuwa ya magitaa yaliyochangamka. Mpiga besi wa ridhaa aligeuza santuri. Upande wa kwanza ulimfundisha kumfuata mwimbaji, na upande wa pili ulimfundisha kushikilia mzunguko mmoja kwa dakika kadhaa bila kuyumba.

Bendi mbili zilizofanya kazi Kenya zilitoa besi ambazo wanafunzi huzirudia hadi leo. Les Wanyika ilijitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. Katika wimbo wake wa "Sina Makosa", besi ya Tom Malanga na gitaa la ridhimu la Omar Shabani huachiana nafasi: moja ikinyamaza, jingine hujibu. Ugumu wa kuinakili besi hiyo uko katika mapumziko kuliko katika noti. Anayejaza mapengo kwa noti za ziada huharibu mwendo wote. Super Mazembe, bendi ya Wakongo iliyohamia Kenya, ilikuwa na Atia Jo kwenye besi, na wimbo wake maarufu "Shauri Yako" ulikuwa kopi, maana ulitungwa na kupigwa kwanza na Nguashi Ntimbo. Toleo la Mazembe likawa mashuhuri kuliko la mwanzo. Mfano huo unaonyesha kwamba kunakili hakukuwa kazi ya wanagenzi peke yao.

Kwenye muziki wa pwani, Slim Ali na Hodi Boys wa Mombasa walijenga jina kwa kupiga soul na funk za Marekani. Besi za namna hiyo zilihitaji vidole vyepesi na lafudhi nyingine kabisa. Kwa kijana wa Voi aliyependa mitindo yote miwili, kopi ilikuwa njia ya kujifunza kutoka kwa walimu ambao hawakujua kuwa wanamfundisha.

Redio, kanda na kanisa

Kikwazo kikubwa kilikuwa kusikia. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ndogo ya redio ya betri haiwezi kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Kinachosikika ni sauti za juu zinazoandamana nayo, na ubongo hukisia iliyobaki. Ndiyo maana wapigaji wa zamani walipenda kusikilizia mahali penye spika kubwa, kama baa au ukumbi.

Kaseti zilipoenea katika miaka ya 1980, mwanafunzi alipata uwezo wa kurudisha nyuma sekunde chache na kuzirudia mpaka zimkae. Lakini kaseti ilikuwa na hila zake. Betri zikichoka, kanda huzunguka polepole na wimbo mzima hushuka sauti. Aliyeinakili besi yake kwa redio iliyochoka alijikuta hapatani na wenzake siku ya mazoezi, akalazimika kufunga nyuzi upya.

Chuo kilichowafundisha wengi kilikuwa kanisa. Gitaa la besi na amplifaya ni ghali, na kanisa ndilo mara nyingi lililokuwa navyo. Mpigaji alipewa nyimbo za kupiga kila Jumapili, naye akazijifunza kutoka kwenye kanda za injili za Kenya, Tanzania na Kongo. Besi ya injili ya Kikongo, yenye mwanzo wa taratibu na mwisho wa kucheza, ilimpitisha katika mafunzo yaleyale ya santuri ya pande mbili.

Kujirekodi na kugawana

YouTube ilianzishwa mwaka 2005. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilizotua Mombasa zilianza kazi mwaka 2009, na intaneti ya Kenya ikaongezeka kasi. Kufikia hapo duniani kote kulikuwa na wapigaji wa ridhaa waliojipiga picha za video wakinakili besi za nyimbo maarufu, na Wakenya wakajiunga nao.

Utaratibu wa kazi haupishani sana kutoka kwa mpigaji mmoja hadi mwingine. Kwanza mpigaji hutafuta rekodi iliyo safi na kuipunguza kasi kwa programu ya simu bila kubadilisha sauti yake. Kisha hutafuta noti ya msingi ya kila badiliko, halafu noti za kupitia, na mwisho mapumziko. Tangu mwaka 2019, ilipotolewa programu ya Spleeter na nyinginezo za aina yake, kompyuta inaweza kuitenga besi na sauti nyingine za wimbo. Mwanafunzi huweza kuisikia peke yake, au kuiondoa na kuweka yake mahali pake. Rekodi za zamani za sauti moja, ambamo besi na ngoma kubwa vimeshikana, bado huisumbua programu, na hapo sikio hubaki kuwa mwamuzi.

Wakati wa kujirekodi, anayetegemea kipaza sauti cha simu hupata zaidi mlio wa vidole kuliko besi. Aliye na kisanduku cha kuunganisha gitaa na kompyuta huchomeka waya moja kwa moja, hurekodi sauti na picha kila moja peke yake, kisha huzilinganisha. Wimbo wa asili hupunguzwa kidogo ili besi mpya isikike juu yake. Kwa kuwa watazamaji wengi husikiliza kwa spika ya simu, mpigaji mzoefu huongeza kidogo sauti za kati za gitaa lake, la sivyo kazi yake yote hupotea.

Haki na majina

Kopi hugusa haki za watu wa aina tatu: mtunzi, mwenye rekodi na wapigaji wa awali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa miaka mingi mirabaha ilikusanywa na vyama vitatu: MCSK, kilichoanza mwaka 1983, kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi, na PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Mpigaji wa ridhaa anayepiga juu ya rekodi ya asili huwa ametumia vyote viwili, utunzi na rekodi. Tangu mwaka 2007 YouTube imekuwa na mfumo wa Content ID unaozitambua rekodi zenyewe, na mwenye haki huweza kuizuia video au kuchukua mapato ya matangazo yake.

Suala la majina halitatuliwi na sheria hizo. Santuri nyingi za Afrika Mashariki zilichapisha jina la bendi na la mtunzi tu. Hali haikuwa tofauti Marekani: James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown, lakini jina lake halikuchapishwa kwenye albamu yoyote kubwa ya kampuni hiyo kabla ya What's Going On ya Marvin Gaye, mwaka 1971. Sifa zake zilikua baada ya kifo chake mwaka 1983, pale besi zake zilipoandikwa kitabuni mwaka 1989 ili wengine wazinakili.

Kwa besi za Afrika Mashariki, ambazo kwa sehemu kubwa hazikuandikwa kwa noti, kazi hiyo inafanywa na wapigaji wa ridhaa. Kila anayeinakili "Sina Makosa" kwa makini huonyesha vidole vilikuwa wapi na pumziko liko mahali gani, mambo ambayo mfuko wa santuri haukuyasema. Akiongeza chini ya video jina la aliyepiga besi hiyo kwanza, kopi yake huwa somo kwa mwanafunzi na kumbukumbu kwa mwanahistoria.