Ubatizo wa Lise Meitner

Krismasi ya mwaka 1938, katika mji mdogo wa Kungälv nchini Uswidi, mwanamke wa miaka 60 alitoka kutembea kwenye theluji pamoja na mtoto wa dada yake, Otto Frisch. Wote wawili walikuwa wanafizikia. Frisch alivaa ubao wa kuteleza, mama yake mdogo akatembea kwa miguu. Walikuwa wakijadili barua iliyotoka Berlin kwa mwanakemia Otto Hahn, mwenzake wa kazi kwa miaka 30. Hahn na msaidizi wake Fritz Strassmann walikuwa wamepiga urani kwa nyutroni, na ndani ya mabaki wakakuta bariamu. Yeye Hahn hakuelewa imetoka wapi.

Nasi tusipite haraka hapo. Hadi siku ile wataalamu waliamini kwamba kiini cha atomi kinaweza kung'oka vipande vidogo tu, si kugawanyika. Urani ina protoni 92, bariamu ina 56. Ni kama kurusha kokoto kwenye mwamba na kuukuta umepasuka katikati. Wale wawili wakaketi kwenye gogo, wakatoa karatasi na kuanza kupiga hesabu. Walikifikiria kiini kama tone la maji. Urani imejaa protoni nyingi zinazosukumana kiasi kwamba tone hilo liko karibu kukatika lenyewe. Nyutroni moja ikiingia, tone hutikisika, hurefuka, hubanwa kiunoni na kuwa matone mawili. Vipande viwili vikisukumana hutoa nguvu ya elektrovolti milioni 200 hivi kwa atomi moja. Nguvu hiyo ilitoka wapi? Mama huyu alikumbuka kanuni ya kukokotoa uzito wa viini: vipande viwili pamoja ni vyepesi kuliko kiini kilichopasuka, kwa kiasi cha sehemu moja ya tano ya uzito wa protoni. Ukiingiza tofauti hiyo katika mlinganyo wa Einstein unapata zilezile milioni 200. Hesabu ikakubali. Februari 1939 maelezo yao yalichapishwa katika jarida la Nature.

Mwanamke huyo ni Lise Meitner. Alikuwa Kungälv kwa sababu alikuwa mkimbizi, na ukimbizi wake unatuhusu sisi Walutheri kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Alizaliwa Vienna mwaka 1878 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1907 alikwenda Berlin akiwa na shahada ya udaktari, lakini taasisi ya kemia haikupokea wanawake. Aliruhusiwa kufanya kazi kwenye chumba cha chini kilichokuwa karakana ya useremala, kwa sharti asionekane kwenye maabara za juu. Mwaka 1908 alibatizwa Vienna katika Kanisa la Kiinjili. Kwa hiyo kabla ya kuitwa profesa, kabla ya Dahlem, kabla ya sifa zote, alikuwa Mkristo mwenzetu.

Aprili 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Sheria hiyo haikujali ubatizo. Babu au bibi mmoja Myahudi alitosha. Meitner alinyang'anywa haki ya kufundisha. Septemba mwaka uleule, sinodi ya kanisa la Prussia ilipitisha kifungu kama hicho dhidi ya wachungaji wenye asili ya Kiyahudi. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo na hapo hakuna tena Myahudi wala Myunani. Sinodi ikaweka damu juu ya maji.

Taasisi ya Meitner ilikuwa Dahlem, kitongoji cha Berlin. Dahlem hiyohiyo ndiko alikohudumu mchungaji Martin Niemöller, aliyeanzisha umoja wa wachungaji waliokikataa kifungu kile. Alifungwa mwaka 1937. Tunamheshimu, na ni haki. Ila ni lazima tuseme pia kwamba upinzani ule mwanzoni ulitetea hasa wachungaji waliobatizwa. Mwalimu aliyefukuzwa chuoni hakuwamo, na Myahudi wa sinagogi hakuwamo kabisa.

Uraia wa Austria ulimkinga Meitner hadi Machi 1938, Hitler alipoimeza Austria. Julai akavuka mpaka wa Uholanzi kwa treni, na marki 10 mkobani. Hahn alikuwa amempa pete ya almasi ya marehemu mama yake, endapo angelazimika kuwahonga walinzi.

Vita vilipopamba moto, Waingereza walimwita ajiunge na wanasayansi waliokuwa wakienda Los Alamos nchini Marekani. Frisch alikwenda. Meitner alikataa, hakutaka kuhusika na bomu. Naona uzito wa kukataa huko kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya kumtakia Hitler mabaya. Hata hivyo, baada ya Hiroshima magazeti ya Marekani yalimfanya mama wa bomu, jambo lililomchukiza. Nayo Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944, iliyotangazwa baada ya vita, ilikwenda kwa Hahn peke yake.

Juni 1945 alimwandikia Hahn barua kali ya kirafiki. Alimwambia kwamba wote waliobaki waliifanyia kazi Ujerumani ya Hitler na hawakujaribu hata upinzani wa kimya. Kumsaidia mtu mmoja mmoja hakukutosha. Hakujiacha nje: baadaye naye alijilaumu kwa kutoondoka mwaka 1933. Barua hiyo haikumfikia Hahn.

Oktoba mwaka huohuo viongozi wa Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, Niemöller akiwa mmoja wao, walitoa Tamko la Hatia la Stuttgart. Wengi wetu tulio wana wa misheni za Berlin na Leipzig tumefundishwa kulisoma kama mfano wa toba. Liungamo lile ni fupi, la aya chache tu. Wanakiri udhaifu wa ushuhuda, wa sala, wa imani na wa upendo. Wayahudi hawatajwi, wala hawatajwi waliobatizwa kutoka kwao.