Usonji na Malezi ya Wakisii

Wahenga walinena, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Maneno hayo ni ya kweli, lakini yana mpaka wake. Wako watoto ambao hali yao haikutokana na malezi, na akina mama wengi wamelaumiwa bure kwa sababu mpaka huo haukujulikana. Katika insha hii tutatazama historia ya hali moja ya namna hiyo, iitwayo usonji, kisha tuone inatufundisha nini sisi wa Kisii na Nyamira.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana. Ni namna ambavyo ubongo wa mtoto hukua tangu mwanzo, hata akaona taabu kuzungumza na kuchangamana na wenzake, akapenda mambo yarudiwe vile vile kila siku. Mwaka 1925 daktari Grunya Sukhareva wa Moscow alieleza habari za watoto wa namna hiyo, lakini wachache walimsikia. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, katika mji wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, na tangu hapo hali hiyo ikapata kujulikana.

Lakini kujua jina la jambo si kujua chanzo chake. Kwa miaka mingi wataalamu wengi walifundisha kwamba mtoto huwa hivyo kwa kukosa mapenzi ya mama. Bruno Bettelheim alilitangaza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Waliosimama kulipinga ni wazazi wenyewe. Mwaka 1962 wazazi wa Uingereza, miongoni mwao daktari Lorna Wing, waliunda chama chao. Mwaka 1964 Bernard Rimland wa Marekani, ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alieleza katika kitabu kwamba chanzo kimo katika mwili. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, baada ya kuchunguza jozi 21 za mapacha, walionyesha kwamba hali hii yahusiana sana na urithi. Hivyo mama akatolewa lawamani.

Sasa na tugeukie kwetu. Katika miaka ile ile ya mabishano, malezi ya Wakisii yalikuwa yakichunguzwa kwa makini. Robert na Barbara LeVine, wataalamu kutoka Marekani, walikaa miongoni mwa Wakisii kuanzia mwaka 1955 hata 1957, mahali walipopaita Nyansongo katika maandishi yao. Robert LeVine alirudi miaka ya 1974 hadi 1976, pamoja na Sarah LeVine na wenzao, wakiwamo madaktari wa watoto. Hawakuja kutafuta usonji. Walitaka kujua jinsi mtoto alelewavyo. Waliona kwamba mama wa Kisii alikuwa mwepesi kumbeba na kumnyonyesha mtoto aliapo, lakini alisema naye na kumtazama machoni kidogo kuliko mama wa Boston. Hilo lilipatana na adabu ya Wakisii, ambayo haipendi mtu kukaziwa macho. Maneno na michezo mtoto alijifunza sana kwa ndugu zake na kwa omoreri, yaani mlezi wake, ambaye mara nyingi alikuwa dada wa miaka michache tu.

Msomaji na afikiri. Kama mama asiyemkazia mtoto macho angekuwa ndiye chanzo cha usonji, watoto wa Kisii wangejaa hali hiyo. Haikuwa hivyo, walikua, wakasema, wakataniana. Tena twajifunza jambo la pili: mtoto wetu kuinamisha macho mbele ya mkubwa si dalili ya kutosha.

Basi na tumtazame katikati ya nduguze. Afikapo mwaka mmoja, je, hugeuka aitwapo jina? Afikapo mwaka na nusu, je, huonyesha kwa kidole kitu kilichompendeza ili mwenzake naye akione? Je, huiga dada yake afagiapo? Je, alikuwa na maneno machache, kisha yakapotea? Dalili moja peke yake haitoshi. Lakini zikikusanyika, asingojewe kwa kusema kwamba wavulana huchelewa kunena. Apelekwe hospitali, na masikio yake yapimwe, kwa maana kiziwi naye hageuki aitwapo.

Hakuna dawa ya kuondoa usonji, lakini msaada wa mapema una faida kubwa. Mtoto asemeshwe kwa maneno mafupi, huku akionyeshwa kitu kinachotajwa. Mlezi aingie katika mchezo wa mtoto, hata ukiwa ni kupanga vijiti tu. Mambo ya siku yafuate utaratibu, na badiliko litangulizwe kwa ishara au picha. Asichapwe wala asifungiwe ndani. Kenya ilianza vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu mwaka 1984, na mwaka 2003 darasa la watoto wenye usonji lilifunguliwa katika shule ya msingi ya City, Nairobi.

Ninyi wanafunzi ndio mbebao wadogo zenu jioni na kucheza nao uani. Yamkini ninyi ndio mtakaoona kwanza mtoto asiyegeuka aitwapo. Mkiona, waambieni wazazi kwa upole, wala msimtafute wa kulaumiwa.