Askari wa Mwili na Breki Yao

Tunapowapima mabibi harusi nguo, mara nyingine mmoja hututajia uvimbe, kisha husema: "Nitakwenda hospitali harusi ikishapita." Leo tumwambie jambo.

Mola ametutilia askari mwilini, seli nyeupe za damu, na akawawekea breki wasije wakaushambulia mwili wenyewe. Baadhi ya saratani ni janja: hutoa ishara ya kukanyaga breki, askari wakabaki wanatazama tu.

Mwaka 1992, Tasuku Honjo na wenzake huko Kyoto, Japani, waligundua PD-1, ambayo baadaye ilijulikana kuwa ni breki mojawapo. Mmarekani James Allison, aliyefiwa na mama yake kwa saratani angali mtoto, alishughulika na breki nyingine, CTLA-4. Mwaka 1996 yeye na wenzake walionyesha kwa panya kuwa breki hiyo ikizuiwa, askari huinuka wakaumaliza uvimbe. Dawa ya kwanza ya njia hii iliruhusiwa Marekani mwaka 2011, kwa saratani ya ngozi. Mwaka 2018 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Dawa hizi haziwafai wagonjwa wote, na askari walioachiwa huweza kuudhuru mwili. Basi dada, wahi kupimwa. Gauni litakungoja; uvimbe haungoji.