Thamani ya shahada katika mshahara

Thamani ya shahada katika mshahara ni ziada anayolipwa mhitimu wa chuo kikuu kuliko mfanyakazi mwenye elimu ya chini yake. Hupanda wasomi wakiwa wachache, hushuka wakizidi nafasi zilizopo. Mchumi Mholanzi Jan Tinbergen aliifananisha mwaka 1975 na mbio kati ya elimu na teknolojia.

Nchini Tanzania serikali ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa zaidi. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, na mhitimu wa wakati huo alirithi kiti cha ofisa wa kikoloni pamoja na mshahara wake. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara wakiwa Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwarudisha mamia makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Pengo la mishahara likaanza kubanwa kwa makusudi. Miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulikula kilichosalia, na wasomi wengi wakaishi kwa "miradi": kuku, ng'ombe wa maziwa, teksi.

Kenya ilipita njia nyingine. Utafiti wa John Knight na Richard Sabot, uliofanyika Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1980, ulionyesha kwamba upanuzi wa haraka wa sekondari za Kenya uliwasukuma wahitimu wake hadi kazi za mikono. Shahada nazo zilifuata mkondo huo baadaye.

Kwa upande wa Tanzania, tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianze kazi 2005 na Chuo Kikuu cha Dodoma kifunguliwe 2007, wahitimu wameongezeka mno. Katika kata ya Kansay, wilayani Karatu, kwenye familia za wakulima na wafugaji Wairaqw, hesabu ya mzazi huanzia kwenye ualimu wa serikali: mwenye cheti huanza ngazi ya mshahara wa walimu TGTS B, stashahada C, shahada D. Ngazi hizo zingalipo, ila malipo yake hayaanzi mpaka ajira itoke, na anayedaiwa mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya 2016 ilikuwa asilimia 8. Miaka ya kusubiri inastahili kuingizwa katika hesabu hiyo. Wastani wa mishahara huwahesabu walioajiriwa pekee, hivyo huikuza thamani ya shahada kupita anayoipata kijana aliyerudi Kansay kulima akisubiri ajira.