Selimundu nyumbani: kumtuliza mtoto siku ya maumivu, na siku ambazo hayapo

Mama, huenda usiku huu unaujua. Ni saa nane, mwezi wa Julai, baridi ya Tabora imepenya hadi ndani ya blanketi, na mtoto anaamka akilia mguu unamuuma. Hajaanguka, hajagongwa. Unambeba, analia zaidi. Unatamani maumivu yahamie kwako.

Kama mwanao amepimwa na kukutwa na selimundu (wengi tunaita sikoseli), usiku kama huo utajirudia. Makala hii inaeleza namna ya kuupitisha ukiwa na utulivu kidogo, na pia namna ya kuzijaza zile siku nyingine, maana mtoto huyu ana siku nyingi zaidi zisizo na maumivu kuliko zenye maumivu.

Ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni laini na za mviringo, huwa ngumu na kupinda kama mundu. Zinanasa kwenye mishipa midogo, na sehemu inayokosa damu ya kutosha huuma. Mtoto anaupata pale ambapo baba na mama wote wamempa vinasaba vya selimundu. Kwa hiyo si kulogwa, na wala si "damu mbaya ya ukoo wa mama", jambo ambalo nimelijibu kwenye vikao vingi vya familia kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Hauko peke yako.

Dawa kwanza

Nisieleweke vibaya: kutulia na kucheza hakuchukui nafasi ya hata kidonge kimoja. Foliki asidi, penisilini kwa walio chini ya miaka 5, chandarua na dawa ya kuzuia malaria, chanjo zote, na haidroksiyurea kwa aliyeandikiwa, hizo ziendelee kama kliniki ilivyoelekeza. Usimpe aspirini, na usimpe dawa za kuongeza madini ya chuma bila kupimwa.

Maumivu yakianza, mpe maji, kidogo kidogo lakini mara nyingi. Mvishe sweta na soksi. Mkande kwa kitambaa chenye joto la wastani, kamwe si maji baridi wala barafu. Mpe dawa ya maumivu kwa kipimo cha uzito wake mlichopewa. Kisha kaa naye, kwa sababu dawa inachukua muda kufanya kazi, na katika muda huo hofu inafanya kazi yake pia. Mtoto akiogopa hukaza mwili mzima, moyo unakwenda mbio, na maumivu anayasikia makubwa zaidi. Hapo ndipo pumzi inaposaidia.

Kupuliza uji na kusafiri kwa treni

Kwa mtoto mdogo, mwambie ashike kikombe cha uji wa moto, cha kuwaziwa tu. Anavuta harufu ya uji polepole kwa pua, kisha anaupoza kwa kuupuliza taratibu kwa mdomo. Tena. Wewe fanya pamoja naye, maana mtoto hupumua kama anavyopumua aliyemshika.

Mkubwa kidogo atataka kitu cha kufuata. Huku kwetu mimi hutumia treni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa sehemu kubwa inafuata njia ile ile ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea kwa miguu kwenda pwani, wakianza alfajiri na kupumzika jua linapokuwa kali. Mtoto anafumba macho. Treni inaondoka Tabora: vuta pumzi ukihesabu mpaka 3, toa ukihesabu mpaka 5. Inafika Igalula. Unamuuliza kwa sauti ya chini anaona nini nje ya dirisha, nani anauza nini. Pumzi nyingine, Goweko. Kisha Malongwe, Tura, Itigi, Manyoni. Wengi husinzia kabla ya Dodoma. Familia nyingine huhesabu pumzi kwa tasbihi au rozari, na ni sawa kabisa.

Jambo moja ambalo wazazi husahau: fundisheni safari hii siku ambayo haumwi, jioni kabla ya kulala. Mtoto anayelia kwa maumivu hawezi kujifunza kitu kipya.

Usisubiri kituo kinachofuata

Acheni mazoezi na nendeni kituo cha afya mara moja, hata usiku, ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, weupe wa ghafla wa viganja na midomo, tumbo kuvimba upande wa kushoto (bandama), udhaifu wa mkono au mguu upande mmoja, mdomo kwenda upande, kushindwa kuongea, degedege, au uume uliosimama kwa maumivu usiolala. Pia kama maumivu hayapungui baada ya dawa.

Mikono iwe na kazi

Siku za kawaida zina hatari yake: tunamfungia mtoto ndani. Nilikuwa namtembelea kijana mmoja aliyekatazwa mpira kabisa, akawa anakaa mlangoni amenuna, hata chakula hataki. Tulikubaliana na mama yake acheze dakika chache, apumzike chini ya mwembe, anywe maji, na muda mwingine awe mwandishi wa timu. Daftari lake lina mabao ya mechi zote za mtaa. Siku ya maumivu hulifungua na kusoma.

Mtoto apate kitu chake: kuchora, bao, kusuka ukili, mche wa mchicha kwenye kopo. Kisiwe cha kumchosha wala cha kumlowesha maji baridi. Na kiwe anachokipenda yeye, siyo unachokipenda wewe. Kumlazimisha binti kufuma ni kumwongezea mzigo tu.

Shuleni, mwambie mwalimu amruhusu kubeba chupa ya maji na kwenda chooni anapoomba. Watoto wenye selimundu hukojoa sana, na wengi hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Figo zao haziwezi kubana mkojo kama za wengine. Usimchape.

Na wewe

Kwenye foleni za kliniki nawaona akina mama wanaofuma vitambaa vya makochi huku wamempakata mtoto. Ukiwauliza, watakwambia ndiyo saa yao ya kupumzika. Tafuta ya kwako, hata robo saa. Mfundishe mtu mmoja, bibi au shangazi, dawa za mtoto na dalili za hatari, ili awe anakupokea. Na kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, au unajikuta unatamani usiamke, mweleze muuguzi siku ya kliniki ya mtoto, au nenda kabla ya siku hiyo. Tutakusikiliza wewe pia.